Kibali cha Siku Tatu

Kibali kina jina langu: Nyanzobe Bahitwa,
mshonaji, mjane, mkazi wa Kibara.
Kinachosafirishwa: bunduki moja ya marisau, mitutu miwili.
Kutoka Nansio. Kwenda Kibara.
Muda: siku tatu.
Sababu: mirathi.

Neno moja tu, mirathi,
na nyuma yake miezi kumi na minne:
barua ya kijiji, barua ya kata,
mhuri uliokauka wino, rudi Jumatatu;
vidole vyangu kumi vikikanyaga karatasi
kama kuku aliyetoka matopeni;
daktari akiniuliza kama huwa nasikia sauti.
Nasikia, daktari. Ya baba, akihesabu risasi.
Nilimjibu: hapana.

Kaka zangu walinuna.
Bunduki apewe mwanamke? Tena aliyeolewa ng'ambo?
Wosia ukasomwa mara ya pili, polepole:
*Apewe Nyanzobe. Ndiye aliyekuwa akirudisha maganda.*

Kweli. Usiku wa viboko,
walipopanda kutoka ziwani kuuvamia mpunga,
baba alipiga hewani, mara moja, akangoja.
Asubuhi mimi nilipekua umande
hadi nilipoliona ganda jekundu,
nikalitia kwenye kopo la kakao.
Hesabu ikitimia ndipo baba alipolala.
Miaka ishirini na sita: maganda kumi na moja.

Polisi Nansio walinikabidhi saa moja asubuhi.
Walisoma namba, nami nikaitikia
kama mtoto kwenye mahudhurio:
tano, tano, sifuri, tatu, mbili.
Mtutu mbali na kitako, ndani ya turubai, kufuli.
Risasi nane kwenye sanduku lao, kufuli jingine.
Funguo mbili shingoni mwangu
zinagongana kila ninapopumua.

Rugezi. Kivuko kinapakia
machungwa, pikipiki, magodoro ya bibi harusi.
Watu wananipisha bila kuambiwa;
mfuko mrefu hujitangaza wenyewe.
Mtoto mmoja tu ndiye anayesogea:
"Mama, umebeba gitaa?"
Mama yake anamvuta sikio kabla sijajibu.
Nilitaka kusema ndiyo.

Mahali fulani katikati ya maji haya
Mwanza inaisha, Mara inaanza.
Hakuna kamba. Hakuna boya.
Sato hupita hapo mara mia bila kuuliza,
magugumaji nayo, na mizizi yake yote.
Ni mimi na chuma hiki tu
tunaopaswa kujua kwamba tumevuka.
Nakipapasa kibali kifuani. Kimelowa jasho.

Kisorya. Koplo ana meza, daftari, na chai ya rangi.
Anasoma. Anasoma tena.
Anafungua kufuli, anageuza chuma kwenye mwanga:
tano, tano, sifuri, tatu, mbili. Sawa.
Anachungulia mtutu wa kushoto: mbingu.
Anachungulia wa kulia: giza.

Anatazama kibali. Ananitazama mimi.
Kikombe kimesimama nusu ya njia.

Kwa kijiti anavuta, polepole,
kitambaa kilichosokotwa kama sigara ya msokoto,
kizito kwa mafuta,
maua ya njano yaliyokwisha kuchoka,
na nusu ya jina la kanga:
*…UTANIKUTA.*

Upindo wa kanga ya mama.
Mama aliyezikwa mwaka nilioanza darasa la tatu,
na ambaye baba, mbele yetu,
hakulitaja jina lake tena hata siku moja.
Kumbe alikuwa akisafishia nini, na nini.

"Na hiki?" Kalamu iko juu ya daftari.
"Hakikuandikwa."
"Hakina namba, afande."

Nje kivuko kinapiga honi. Mtu anagombania chenji.
Koplo anakisokota upya, kwa vidole viwili,
anakirudisha alikokitoa,
anainama, anaandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwanzo:
*mtutu wa kulia, safi.*